Tarehe 5 Mei siyo Uhuru wa Mexico, niulizeni mimi

Wiki iliyopita dada mmoja aliyehamia Chicago juzijuzi ameniandikia: kazini kwao wanaandaa sherehe ya “Uhuru wa Mexico” tarehe 5 Mei, avae nini? Dada yangu, kabla ya nguo, nikusimulie yaliyonikuta.

Mwaka wangu wa kwanza hapa niliosha vyombo mgahawani. Mpishi wetu alikuwa mzee wa Puebla, kule Mexico. Asubuhi ya tarehe 5 Mei niliingia jikoni na kofia pana ya karatasi tuliyogawiwa, nikamwambia, “Mzee, hongera kwa uhuru!” Hakuniitikia. Aliendelea kukata vitunguu. Ukimya ule ninao hadi leo.

Usiku, tukifuta meza, akanieleza. Rais Benito Juárez wa Mexico alisimamisha malipo ya madeni ya nje mwaka 1861, Napoleon III wa Ufaransa akaleta jeshi. Tarehe 5 Mei 1862 Jenerali Ignacio Zaragoza akalipiga pale Puebla. Mwaka uliofuata mji ukatekwa, na Wafaransa hawakuondoka hadi 1867. Basi ni ushindi wa vita moja. Puebla wana gwaride lao, ila sehemu nyingi za Mexico watu huenda kazini kama kawaida. Ni huku Marekani sikukuu ilikokua: Wamexico wa California waliianza miaka ileile ya 1860, Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Mexico waliokuwa wakidai haki zao, wakaipa nguvu mpya karne moja baadaye, halafu wauza bia wakaigeuza siku ya ulevi. Hilo linaniudhi.

Uhuru wao ni 16 Septemba, tangu padri Miguel Hidalgo alipowaita watu wainuke dhidi ya utawala wa Wahispania pale mji wa Dolores mwaka 1810. Septemba ile mzee alinichukua hadi mtaa wa 26, Little Village, kwa Wamexico wa hapa Chicago. Bendera madirishani mwa magari, honi, watoto mabegani mwa baba zao, na “¡Viva México!” kila kona. Mzee alilia.

Nami ni Mtanzania ninayepongezwa kila 12 Desemba, sikukuu ya Wakenya, wakati yetu imepita tarehe 9. Huwa inanichoma. Mbona nikamfanyia mwenzangu yaleyale?

Kwa hiyo ulizeni kabla ya kupongeza. Msivae kofia kwa kuwa mmegawiwa tu. Ulizeni, jamani! Na wewe dada, nenda na nguo zako za kazini, umtafute Mmexico mmoja, umuulize kwao ni jimbo gani. Septemba ikifika, muombe akupeleke mtaa wa 26.