Maktaba na watoto wetu: majibu ya maswali yenu

Mwanangu ana miaka mitatu, hajui hata herufi moja. Nimpeleke maktaba akafanye nini? (Mama, Temeke)

Akasikilize, mama. Katika umri huo kazi ya kusoma ni yako wewe au ya mkutubi; yake ni kutazama picha, kuuliza na kudakia maneno. Mtoto aliyezoea kuitikia "Pakawa!" akisikia "Paukwa!" ameshajua kuwa hadithi ina mwanzo wake, na kwamba kuna zamu ya kusema na zamu ya kutega sikio. Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed hapo Dar es Salaam, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ina sehemu ya watoto. Ulizia ratiba ya hadithi kabla hujafunga safari. Mkifika, usimwache mlangoni ukaenda sokoni: keti naye mkekani, usikie hadithi hiyo hiyo, ili usiku akikudai uirudie uweze.

Wanangu wa darasa la sita huenda maktaba wakati wa likizo na kufanya mitihani ya miaka iliyopita. Hiyo si ndiyo faida yake? (Baba, Morogoro)

Ni faida, lakini ndogo, na inanisikitisha kuona vyumba vyetu vya maktaba vikijaa watoto waliobeba madaftari yao wenyewe huku vitabu vya hadithi vikibaki na vumbi rafuni. Mtoto wa namna hiyo ametumia kiti na meza tu. Jaribu hivi: kila wakienda, kila mmoja achague kitabu kimoja kwa hiari yake. Kiwe chembamba, kiwe cha picha, kiwe kile alichokwisha kukisoma, usikikatae. Akirudi nacho usimtungie maswali ya ufahamu. Mwache akusimulie akitaka. Usiseme vitabu vya Kiswahili hakuna: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 kwa ajili hiyo hiyo. Kama maktaba ina klabu ya wasomaji au watoto wanaigiza hadithi waliyoisoma, waandikishe. Anayeigiza sungura hulazimika kurudi kitabuni kuhakikisha sungura alisema nini hasa, na huko ndiko kusoma kwa makini.

Shule yetu iko mbali na mji, maktaba hakuna. Tufanyeje? (Mwalimu, Isiolo)

Mwalimu, majirani zako wa Garissa walianza na ngamia. Tangu mwaka 1996 huduma ya maktaba za taifa ya Kenya imekuwa ikipeleka vitabu kwa jamii za wafugaji kwa ngamia waliobebeshwa masanduku, hema na mikeka. Wakifika, hema linasimamishwa, mikeka inatandikwa, watoto wanaazima. Kwa hiyo msisubiri jengo. Mwalimu mkuu aandikie maktaba iliyo karibu zaidi kuomba sanduku la vitabu la kuazima kwa zamu, na teueni mtu mmoja wa kuandika nani kachukua nini. Tengeni pia kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma kwa sauti, nje, kivulini.

Tuko Chicago. Naogopa faini watoto wakichelewesha vitabu. (Dada)

Dada yangu, maktaba ya umma ya Chicago ilifuta faini za kuchelewesha mwaka 2019. Utadaiwa kitabu kisiporudi kabisa. Chukueni kadi, na mwombeni mkutubi awatafutie vitabu vya watoto vya Kiswahili. Visipokuwepo, ombeni vinunuliwe.