Kadi ya michoro ya NVIDIA: RTX 3060 Ti ya mtumba au RTX 4060 mpya?
Mkuu, kumbe uko Nkuhungu ya Dodoma, chumba hakina AC, pawa saplai ni ya wati 550, na unasita kati ya hizo mbili.

Kwa 1080p (ukali wa kawaida wa picha kwenye skrini) hazipishani sana. 3060 Ti hutangulia kidogo, hasa ukipanda 1440p, maana njia yake ya memori ni biti 256 dhidi ya 128. Ila inakula wati 200, mwenzake 115, na NVIDIA inaitakia hiyo 3060 Ti pawa saplai ya wati 600. Wati zote hizo zinageuka joto humo humo chumbani, na Novemba ya Dodoma unaijua. Feni nazo zitavuma tu.

Chukua 4060. Inatumia leni 8 za PCIe (njia za data kati ya kadi na bodi ya kompyuta), kwa hiyo kwenye bodi ya zamani ya PCIe 3.0 itapoteza kasi kidogo. Si ya kukukosesha usingizi.

Ukiing'ang'ania ya mtumba, ijaribu kwa gemu zito dakika 30 kabla hujatoa hela. Feni ikikwaruza, achana nayo. Kisha shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 80 kwa programu ya MSI Afterburner: kasi hupungua kidogo, kelele hupungua sana. Vumbi lipulize kila mwezi, feni umezishika zisizunguke. Pawa saplai ikinuka kuungua usiifungue, mpelekee fundi. Kapasita, vile vitunza umeme vya ndani, hubaki na chaji.