Kabla hujahamia modeli ya pande tatu, hesabu miezi

Nilipoamua ofisi yetu ndogo ya kuchora nyumba hapa Kisumu iache AutoCAD, programu tuliyochorea plani, na ihamie Revit, inayojenga modeli nzima ya nyumba kwenye kompyuta, nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya hadiwea: leseni, kompyuta moja, basi. Tulikuwa watatu. Hesabu hiyo iliniumbua.

Leseni kwanza. Tangu 2016 hainunuliwi ikawa yako. Unaikodi kwa mwezi au kwa mwaka, na bei yake inafuata dola. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ikapita 160. Mteja wangu wa Riat tulikuwa tumeshapatana kwa shilingi, na bei yake haikupanda hata thumni. Dola ilirudi karibu 130 mwaka huohuo, lakini mimi nilikuwa nimeshalipa ya mwaka mzima. Siku hizi nalipia mwezi mmoja mmoja, tena nikiwa na kazi mkononi tu, ingawa ya mwaka ni nafuu ukiigawanya.

Kompyuta iliyotuchorea plani miaka sita ilikwama kwenye ngazi ya nyumba ya kwanza. Tukanunua yenye RAM ya GB 32, kisha UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, maana stima ya hapa mnaijua.

Hayo yote ni vijisenti. Kilichotutia adabu ni muda. Nyumba ya ghorofa moja tuliyozoea kuimaliza kwa wiki mbili ilitula wiki tano. Kijana wetu mwenye mkono mwepesi kuliko sote akawa kama anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Miezi minne mapato yalishuka, kodi ya ofisi ikabaki palepale. Kama huna akiba ya mishahara ya muda huo, usinunue chochote bado.

Halafu kuna wenzako wa kazi. Mhandisi tuliyeshirikiana naye alikuwa na toleo la zamani la Revit, na faili la toleo jipya halifunguki kwenye la nyuma. Wiki nzima tulirushiana PDF kama zamani. Pataneni toleo siku ya kwanza, au mpitishiane faili za IFC, zinazofunguka kwenye programu tofauti.

Ilifaa? Ile nyumba ya Riat, kwenye mteremko, bomba la choo cha juu lilikuwa linapita katikati ya biimu, yaani boriti. Kwenye karatasi, biimu iko ukurasa wake na bomba ukurasa wake. Kwenye modeli vilikaa pamoja, tukavitazama, tukanyamaza. Kuhamisha bomba ilikuwa kazi ya nusu saa. Fundi angefika hapo angechukua patasi atoboe, na nisingemlaumu. Mchoro wetu ndio ungemwambia afanye hivyo. Fundi mwenyewe modeli hakuwahi kuiona. Alitaka A3 ya kukunja mfukoni, nasi tukamchapishia.

Mteja naye alipenda sana kuzungushiwa nyumba yake kwenye simu. Alidhani ni nyongeza, kama mnunuzi wa omena anavyotarajia kuongezewa. Sasa modeli ina mstari wake kwenye ankara, na tunautaja kabla ya kuanza.

Ukiwa peke yako na kazi zako ni nyumba za vyumba vitatu zisizo na ghorofa, baki na plani zako. Picha ya kumwonyesha mteja utaipata kwa programu ya SketchUp ya kwenye kivinjari, au Blender, ambayo ni ya bure, ukiwa na subira. Hata sisi kuta za ploti na vyoo vya nje bado tunachora kwa AutoCAD.