Stima ya Ethiopia imefika, mbona cherehani yangu yalegea?

SWALI: Shikamoo mzee. Nashona madera hapa Bakarani, Kisauni, na kila wiki natuma bunda kwa basi hadi kwa mteja wangu Kampala. Redioni nasikia Kenya yapata umeme wa maji kutoka Ethiopia. Mbona kwangu ikifika saa moja jioni taa zawa za manjano, cherehani yalegea, na mota ya ovaloki imeshaungua mara mbili? Umeme huo waishia wapi? Ninunue jenereta? Tena intaneti ikizingua, yule mteja huniambia, "Ni huko kwenu Mombasa." Kuna ukweli?

Mshonaji, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeme huo umefika kweli. Novemba 2022 Kenya ilianza kununua megawati 200 kupitia laini ya kilovolti 500 itokayo Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa hapa Kenya, zaidi ya kilomita 1,000. Laini yenyewe ilijengwa ibebe megawati 2,000. Ila ukishaingia kwenye gridi hauna jina tena. Wa Ethiopia, wa mvuke wa Olkaria, wa upepo wa Turkana, wote ni maji ya tangi moja. Huwezi kuchota wa Ethiopia peke yake.

Huo wa Turkana naujua zaidi, maana nilikuwa karani bandarini mitambo yake iliposhushwa Kilindini. Mitambo 365! Panga la kwanza lilipotoka getini, refu kuliko trela lolote nililopata kuliona, vijana wa Changamwe waliacha chai mezani. Mmoja akauliza nyumba ya nani ina pangaboi la vile. Kutoka hapa hadi Loiyangalani, ilikokuwa ikipelekwa, ni kama kilomita 1,200, na nyingine hazikuwa barabara za kuitwa barabara. Mapema 2017 yote ilikuwa imeshasimikwa. Halafu ikakaa bure hadi Septemba 2018, kwa kuwa laini ya kuuleta umeme wake Suswa ilichelewa. Upepo wavuma, mapanga yapo, waya hakuna, na wenye mitambo wakalipwa fidia.

Kwako ni yaleyale kwa udogo wake. Waya mkubwa upo, wa mtaani umelemewa. Taa zikiwa za manjano baada ya Magharibi kisha saa tano usiku zikarudi nyeupe, shuku transfoma: nyumba zimeongezeka, kila mtu ana friji, pasi na pampu, na transfoma ni ileile. Volti ikishuka, mota hulazimika kuvuta ampia nyingi zaidi, koili inachemka, ndiyo unanusa ule moshi.

Mwite fundi mwenye mita apime soketi yako saa nne asubuhi na saa moja jioni, uandike namba zote mbili. Stima yetu ni ya volti 240. Ikiwa jioni yasoma 180, huna haja ya kubishana na mtu. Kisha bisha hodi kwa jirani. Kama kwake kunawaka vizuri, huenda yuko fezi nyingine, yaani waya mwingine wa transfoma ileile, na yako ndiyo iliyojazwa, na hilo hurekebishwa bila transfoma mpya. Andikieni Kenya Power barua moja yenye namba za mita za nyumba zote. Malalamiko ya mtu mmoja huwekwa chini ya faili. Kwa sasa ovaloki ishonee asubuhi, na uichomeke kwenye frijigadi, ikate umeme volti ikishuka. Jenereta hapana. Sisi wa Pwani tumeishi miaka na stima ya mafuta mazito ya Kipevu na Rabai, twajua mafuta yanavyokula pesa.

Mteja wako ana ukweli nusu. Uganda haina bahari, kwa hivyo intaneti yake nyingi hupitia nyaya za chini ya bahari zinazotua hapa: SEACOM na TEAMS za 2009, EASSy ya 2010, kisha hupanda bara kama malori ya Malaba. Lakini Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika, zilikatikia chini huko upande wa Afrika Kusini, na sisi tunaoishi pale nyaya zinapotua tulikaa vilevile tukitazama kiduara kikizunguka. Mweleze hivyo, na asikuombe kupunguziwa bei ya dera kwa sababu hiyo.