Maswali yenu: nguvu za wanawake wa Kitamil

Nasikia wanawake wa Kitamil, wale wa kusini mwa India na Sri Lanka, wana nguvu iitwayo sakti. Ni uchawi? (Tanga)

Si uchawi. Ni nguvu ya kimungu ambayo Wahindu huamini imo ndani ya mwanamke, hasa mke mwaminifu. Nimeshalijibu hili, someni ya nyuma kabla ya kutuma. Na si Watamil wote ni Wahindu. Waislamu na Wakristo wamo.

Kannagi ni nani hata awe na sanamu ufukweni Chennai? (Mombasa)

Katika utenzi wa kale wa Kitamil, ni mke wa Kovalan, mfanyabiashara aliyeimaliza mali kwa mchezaji ngoma, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Wakahamia Madurai kuanza upya. Mume akaenda kuuza furungu moja la mkewe, pambo la mguuni. Sonara aliyekuwa ameiba furungu la malkia akamsingizia yeye wizi, na mfalme akaamuru auawe. Kannagi akaingia barazani na furungu la pili, akalivunja mbele ya mfalme. Yakamwagika mawe ya yakuti, wakati la malkia lilijazwa lulu. Mfalme akaanguka akafa. Mjane akang'oa titi lake la kushoto, akalirusha, na mji ukateketea.

Sanamu iliwekwa 1968, ikaondolewa 2001, ikarudishwa 2006 serikali ilipobadilika. Wanasiasa humsifu kwa uaminifu wake kwa mume, ndio eti uliowasha moto ule. Mimi namsifu kwa kuja barazani na ushahidi mkononi. Huo uaminifu, Kovalan aliulizwa na nani?

Mbona mjane huonekana nuksi? (Muscat)

Ni hesabu ileile. Ukisema wema wa mke ndio unaomlinda mume, basi mume akifa mke ndiye aliyeshindwa. Mwenye mume hai hualikwa kila shughuli, na maua yake kichwani na pottu, kile kidoa, kwenye paji la uso. Mjane, kwa desturi ya zamani, alivuliwa thali, mkufu wa ndoa, akakaa mbali na harusi, hata ya mwanawe. Mnaosifia nguvu hiyo, lisifieni na deni lake.

Ndui ilitangazwa kuisha 1980. Mariamman, mungu wa kike wa ndui, anaabudiwa wa nini tena? (Lamu)

Kwa mvua, joto na tetekuwanga. Mwezi wa Aadi, kati ya Julai na Agosti, uji hugawiwa mahekaluni, na majani ya mwarobaini hufungwa milangoni. Mtoto wako akichemka homa, lakini, mpeleke hospitali.

Nataka kuoa Mtamil. Ni wapole? (Nairobi)

Hapa si pa kutafutia wachumba.

Jayalalithaa, waziri mkuu wa jimbo la Tamil Nadu, alitawala, mawaziri wakamlalia miguuni. Basi wanawake huko wana nguvu? (Dar es Salaam)

Yeye alikuwa nazo, hadi alipofariki Desemba 2016. Mkulima wa kike hashibi kwa mawaziri waliolala kifudifudi. Niulizeni shamba limeandikwa jina la nani. Mwaka 1989 Tamil Nadu ilirekebisha sheria, binti wa Kihindu akapata fungu sawa na kaka zake katika mali ya ukoo. India nzima ikafuata 2005. Ila sheria ile ya 1989 iliwaacha nje mabinti waliokwisha kuolewa.