Nimechaguliwa PCM, mjomba ananiita kwenye ufundi umeme

SWALI

Mhariri, shikamoo. Nimemaliza kidato cha nne katika shule ya kata wilayani Chamwino, nikapata B ya Hisabati na C za Fizikia na Kemia, na nimechaguliwa kuingia kidato cha tano, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Tangu nimalize mtihani ninafuatana na mjomba wangu, ambaye ni fundi umeme, kwenye nyumba zinazojengwa Nala na Iyumbu. Mwezi uliopita tuliitwa kwenye nyumba ambayo taa zilikuwa zikififia kila birika la umeme linapowashwa. Mjomba alikata umeme, nikafungua swichi kuu, nikakuta skrubu ya waya wa nyutro imelegea. Tulipoikaza tatizo likaisha, lakini kwa nini taa zilififia sijaelewa hadi leo, na jambo hilo linaninyima usingizi. Mjomba alinizawadia testa, akasema nikienda PCM nitaisahau, ilhali nikienda chuo cha ufundi stadi cha VETA nitaanza kulipwa mapema. Mama, anayeuza mboga Soko la Majengo na ana wadogo zangu wawili wa kusomesha, anataka niwe mhandisi. Nichague lipi?

Msomaji, Chamwino

JIBU

Marahaba, binti yangu. Mama yako na mjomba wako hawakubaliani, lakini naona wote wawili wanaamini kwamba mhandisi ni fundi aliyepanda cheo. Sivyo. Hizi ni kazi mbili, na siku ya mmoja haifanani na siku ya mwenzake.

Chukua ethi, yaani njia ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini, ya nyumba moja tu hapo Nala. Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na ikifika Septemba udongo umekauka kiasi kwamba fimbo ya shaba iliyopigiliwa hadi kichwani bado haipelekei umeme ardhini inavyotakiwa. Fundi makini hupima, akaona ukinzani uko juu, akapigilia fimbo ya pili hatua chache kutoka ya kwanza, akaziunganisha na kupima tena. Ni kazi ya jua, magoti na nyundo. Mhandisi hukutana na udongo huohuo akiwa mezani: hitilafu ikitokea kwenye kituo cha kupozea umeme, ni mkondo kiasi gani utakaoingia ardhini, na vifaa vya kukata umeme vifyatuke baada ya muda gani ili aliyesimama karibu asidhurike. Anaweza kumaliza mwaka mzima bila kushika plaizi, na wapo wanaoligundua hilo wakiwa tayari na shahada mkononi.

Kuhusu muda, mjomba wako ana hoja. Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili, shahada ya uhandisi umeme ni minne, na baada ya hapo Bodi ya Usajili wa Wahandisi itakutambua kama mhandisi mhitimu tu. Mpango wake wa mafunzo kazini, unaoandaa wahitimu kuwa wahandisi wataalamu, huchukua miaka mitatu mingine. Ufundi stadi una ngazi tatu, na hata ukizimaliza zote utakuwa kazini mapema zaidi. Hata hivyo, alichosahau kukuambia ni leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Mafundi wasio na leseni, wanaolipwa kwa pointi, yaani kwa kila taa au soketi, wamejaa mjini. Nyumba ikikamilika humtafuta mwenye leseni awasainie fomu ya kuombea umeme TANESCO, na sehemu ya jasho lao huishia kwake. Ukienda VETA, usitoke huko bila kuifuatilia leseni.

Ipo pia njia ya kati, ambayo wazazi wengi huiruka: stashahada ya miaka mitatu katika vyuo kama Chuo cha Ufundi Arusha au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Ukihitimu unaweza kusajiliwa kama fundi sanifu, na ukifaulu vizuri mlango wa shahada haufungwi.

Sasa nirudi kwenye zile taa, kwa sababu jibu langu limelala humo. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 lina ukinzani wa takriban omu 26. Tuseme skrubu iliyolegea iliongeza omu 2. Mkondo wa karibu ampea 8 ukipita hapo, volti zipatazo 16 hupotea kabla ya kufika kwenye taa, ndiyo maana zilififia. Na wati zaidi ya 130 hugeuka joto mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Nyumba nyingi huungua kwa kuanzia hapo. Fundi angekaza skrubu na kuondoka, na angekuwa amefanya kazi halali kabisa. Wewe ulikaza, kisha ukakosa usingizi.

Kwa hiyo ningekushauri uende PCM. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, hivyo mzigo wa mama kwa miaka hiyo miwili ni nauli, sare na mahitaji ya bweni, ambayo si madogo kwa muuza mboga, lakini si ya kumshinda iwapo mjomba atachangia badala ya kulalamika. Mwambie mama ukweli kuhusu ile miaka tisa. Iwapo wadogo zako hawawezi kusubiri kiasi hicho, omba nafasi ya stashahada kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Likizo zote nenda na mjomba kazini. Mhandisi aliyewahi kutandaza nyaya darini saa nane mchana hachori mchoro usiotekelezeka. Testa mkabidhi mama akuwekee hadi Desemba. Bwenini haina kazi, na mwalimu wa zamu hatakuelewa.