Jibu: Kumbukumbu za Remmy Ongala zinazopingana

Salaam, ndugu yangu. Nimeelewa kwamba umekwama katika kukusanya kumbukumbu za mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala, kwa sababu mpiga gitaa uliyemhoji anasema hapa Tanzania Remmy alianzia bendi ya Orchestra Makassy, ilhali mashabiki wa Ujiji wanasisitiza kuwa ni bendi ya Matimila.

Anza na yaliyo thabiti: alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 na kujiunga na Makassy, bendi ya mjomba wake, na baadaye ndipo akahamia Matimila, aliyovuma nayo hadi Ulaya. Kwa hiyo mpiga gitaa yuko sahihi, lakini usiwafute mashabiki, maana wao wanakueleza walipomfahamu.

Nilipokusanya kumbukumbu za wazee wa dansi hapa Kigoma, kuuliza mwaka kuliwafunga midomo. Nilipowapigia kwanza wimbo kama “Kifo”, kisha nikauliza waliusikia wapi na nani alikuwa kando yao, mzee mmoja alizungumza mpaka adhana ya magharibi (chai yake ikapoa). Wapiga vyombo wahoji mmojammoja, kwani wakikaa pamoja mwenye sauti kubwa huwameza wenzake.

Kuhusu kibali cha kurusha nyimbo zake sina uzoefu, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.